Maswali na Majibu: Picha Ikishapungua Hairudi

Fundi wa mabango ameikataa picha yangu, eti haina ubora. Mbona kwenye simu inaonekana safi? (Tabora)

Kwa sababu skrini ya simu ni ndogo. Nina hakika picha hiyo ilipitia WhatsApp. Kamera ya megapikseli 12 hutoa picha ya pikseli (vinukta vinavyounda picha) 4000 kwa 3000. Ukiituma kwa njia ya kawaida, upande mrefu mara nyingi hubaki na 1600 hivi, na faili hubanwa upya. Zitandaze hizo 1600 kwenye bango la mita 2: kila pikseli inapata zaidi ya milimita moja, ndiyo maana nyusi zinageuka vigae. Mtumie fundi picha ya awali kama dokumenti, au kwa barua pepe. Nembo usiipige picha kabisa. Mwombe aliyeichora faili ya SVG au PDF, maana hiyo huchorwa kwa mistari na hukuzwa bila kuharibika.

Nikibadili JPEG kuwa PNG, ubora utarudi?

Hautarudi. Hizo ni aina mbili za faili za picha: kilichopotea hakirudi, faili itanenepa tu. Swali hili linakuja kila wiki.

Fomu inataka picha ya mm 35 kwa 45, isiyozidi KB 200. Nikiipunguza, uso unakuwa mpana. (Kisumu)

Umeulazimisha upana na kimo bila kukata kwanza. Nakili picha, ya awali usiiguse. Kata kwa uwiano wa 7:9, kichwa kikiwa katikati. Ndipo upunguze: kufuli ya uwiano ikiwa imefungwa, andika upana 413, na kimo kitakuja chenyewe karibu na 531. Hivyo ndivyo vipimo vyako kwa pikseli 300 kwa inchi. Hifadhi kama JPEG, ubora 85. Mara nyingi haifiki hata KB 100. Ikizidi kikomo, shuka hadi 75. Usifungue na kuhifadhi JPEG hiyo hiyo mara kwa mara, kila mara inapoteza kitu. Na ukibadili namba ya dpi (hiyo ya pikseli kwa inchi) peke yake, pikseli haziongezeki hata moja.

Nembo yetu ina kisanduku cheupe nyuma. Nimebadili jina liishie .png, bado kipo.

Kubadili jina si kubadili faili. JPEG haiwezi kuwa na sehemu ya uwazi inayoonyesha kilicho nyuma. Futa weupe kwenye programu ya picha, kisha hifadhi kama PNG.

Picha za iPhone hazifunguki kwenye kompyuta ya ofisi.

Ni HEIC, aina ya faili ya picha iliyoanza na iOS 11, mfumo wa iPhone, mwaka 2017. Ingia Settings, Camera, Formats, chagua Most Compatible. Za zamani zigeuze kuwa JPEG, ila usizipakie kwenye tovuti usiyoijua, hasa kama ni za vyeti.

Nimekata namba kwenye picha ya kitambulisho ndani ya Word. Iko salama? (Zanzibar)

Haiko salama. Word huficha tu sehemu uliyoikata. Anayepokea faili anairudisha kwa kubofya mara chache. Mwaka 2023 iligundulika kwamba hata simu za Pixel za Google zilikuwa zikiacha mabaki ya sehemu iliyokatwa ndani ya picha za skrini. Kata nje, kwenye programu ya picha, hifadhi faili mpya, ndipo uiingize Word. Ukiamua kufunika namba, tumia kisanduku cheusi kisichopitisha mwanga. Kalamu ya kung'arisha maandishi (highlighter) haifuniki: mtu akiongeza mwangaza wa picha, namba zinasomeka.