Kuandika maisha yako, hata asiposoma mtu

Mdogo wangu wa Newala, umeuliza kuna faida gani kuandika mambo yako kila jioni wakati hakuna atakayesoma. Utasoma wewe, inatosha.

Anza na korosho, maana ndizo zinazokulisha. Andika siku mikorosho ilipoanza kutoa maua, siku uliyopuliza salfa, ile dawa ya unga, mifuko mingapi. Ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe wa mikorosho, ukikusumbua tena mwakani, daftari litakuonyesha kama ulichelewa. Kichwa huwa kinajitetea. Kilo ulizopeleka chama cha msingi cha ushirika, bei ya mnada na makato yaandike siku hiyohiyo, kabla hela haijaanza kuyeyuka.

Ila utamu, kwangu mie, uko kwa bibi yako. Akitamka neno la Kimakonde ambalo nyie vijana hamlitumii tena, liandike, na uandike alikuwa anafanya nini: anamenya muhogo, anamgombeza nani. Livingstone, yule Mzungu mpelelezi, aliposhuka Mikindani, pwani ya Mtwara, mwaka 1866 alikuwa na kawaida ya kuandika, ndiyo maana leo tunamsoma yeye, si wavuvi waliomwona akishuka.

Ya moyoni, ugomvi wa nyumbani na madeni ya dukani, yatengee daftari lingine ulifungie sandukuni. Ndugu zetu kwa kupekua, unawajua.