Mwalimu, Mbona Kundini Hawanijibu?

Barua nyingi za mwezi huu zimegusa jambo moja: kuomba na kutoa msaada wa bure wa programu mtandaoni. Nimeyaacha majina ya walioandika, miji nimeibakiza.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili hapa Morogoro. Natengeneza mfumo wa kusajili wagonjwa wa zahanati kwa lugha ya PHP, na umegoma. Nikaandika kwenye kundi la Telegram: "Wakuu naombeni msaada, PHP yangu haifanyi kazi, ni haraka," nikaweka na picha ya skrini niliyoipiga kwa simu. Siku mbili kimya. Wa kwanza kujibu akaniambia nikatafute Google. Kundi lina maelfu ya watu. Kweli wote wana roho mbaya? Picha nimekutumia. Wiki iliyopita nilifuata video ya usalama nikaweka nenosiri la hifadhidata yangu, MySQL, sijui kama inahusika. — Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Wenye roho mbaya wapo, ila siamini kama ndio waliokunyamazia. Mfikirie mtu aliyetoka kazini, amesimama kwenye daladala, simu mkono mmoja, bando linakaribia kuisha. Anasoma "haifanyi kazi". Ili akusaidie itabidi akuulize: inasema nini? Ilikuwa inafanya kazi lini? Ulibadilisha nini? Unatumia XAMPP, ile seva ya kwenye kompyuta yako, au seva ya kukodi? Anaona safari ni ndefu, anapita. Na elfu moja nyuma yake wanapita hivyohivyo, kila mmoja akidhani mwenzake atasimama.

Sasa tuitazame picha yako. Mwanga wa dirisha umeifunika nusu, lakini nimeikuza nikasoma: "Access denied for user 'root'@'localhost' (using password: NO)". Jibu lako limo humo humo. Hifadhidata inakueleza mambo matatu: aliyebisha hodi anaitwa root (msimamizi mkuu), amebisha kutoka kwenye kompyuta hiyohiyo, na hakuleta nenosiri lolote. Ile NO ya mwisho ndiyo wengi huiruka, nayo ndiyo yenye habari yote. XAMPP ikiwa mpya, root hana nenosiri, kwa hiyo kuja mikono mitupu kunakubalika. Wewe umeshamwekea nenosiri kwa kufuata ile video, lakini programu yako haijaambiwa.

Nenda ulipoandika mysqli_connect, amri ya kuunganisha. Ndani ya mabano kuna localhost, kisha root, kisha nafasi ya tatu uliyoiacha na alama za nukuu tupu. Nenosiri linakaa hapo. Kama na phpMyAdmin, ukurasa wa kusimamia hifadhidata, nayo imegoma kufunguka, sababu ni hiyohiyo, na dawa yake imo kwenye faili lake la config.inc.php.

Kwa hiyo video inahusika sana, na hukuitaja kundini. Ungeandika hivi: "Natumia XAMPP kwenye Windows. Ukurasa wangu wa kusajili ulikuwa mzima mpaka nilipoweka nenosiri la root kwenye phpMyAdmin. Sasa unaleta ujumbe ufuatao." Ubandike ujumbe wote kama ulivyo, kwa maandishi, na chini yake ule mstari mmoja wa kuunganisha. Umalizie: "Nimezima na kuwasha MySQL, haikusaidia. Nikague wapi?" Yule wa kwenye daladala angekujibu kabla ya kituo kinachofuata. Na zahanati yako isingehitaji kutajwa kabisa. Wageni hawahitaji mfumo mzima, wanahitaji kipande kidogo kabisa ambacho wakikiendesha kwao kitagoma kama kinavyogoma kwako. Kuupunguza msimbo hadi kufikia kipande hicho ni kazi yako wewe unayeuliza, na mara nyingi katikati ya kupunguza utaliona kosa mwenyewe.

Nasisitiza maandishi kwa sababu picha haitafutiki. Mwaka kesho mwanafunzi wa Songea atakwama kwenye ujumbe uleule, atautafuta kundini, na picha yako haitamjia. Hapo ndipo imani yangu yote kuhusu jambo hili ilipo. Anayekujibu bure humlipi wewe. Anachopata ni kujua kwamba dakika zake kumi zitamfaa na mtu mwingine asiyemjua. Ukiuliza kwa namna ambayo hakuna mwingine atakayelipata jibu, umemnyang'anya ujira huo.

Tarehe 3 Julai 1991, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, aliandika kwenye kundi la majadiliano la watumiaji wa Minix, mfumo endeshi mdogo wa kufundishia. Aliuliza wapi angepata maelezo ya POSIX, kiwango cha pamoja cha mifumo endeshi, akaeleza kwamba ni kwa kazi anayoifanya ndani ya Minix, na kwamba angependa yawe katika umbo linalosomeka kwa kompyuta. Anataka nini, kwa kazi gani, katika umbo gani: amemaliza kwa mistari michache. Tarehe 25 Agosti akarudi palepale kuwaambia kwamba anatengeneza mfumo endeshi, akawauliza wangependa uwe na nini. Huo ndio Linux. Maandishi yale mpaka leo yanasomeka, kwa sababu aliuliza mahali pa wazi.

*Habari Mwalimu. Mimi ni dada wa Eldoret, kazi yangu ni programu. Jioni huwa nasaidia watu kwenye kundi la WhatsApp. Sasa wananifuata inboksi usiku wa manane. Kuna wanaotaka niwaandikie kazi yote ya chuo, na kuna mmoja ana mteja anayemlipa. Wiki hii pekee wengi wameniuliza swali lilelile la M-Pesa: taarifa ya malipo haifiki kwenye mfumo. Nikikataa naambiwa nina maringo. Niko karibu kutoka kundini. — Eldoret*

Dada yangu, kundi usilitoke. Inboksi ndiyo ya kufunga. Kila anayekufuata pembeni mjibu sentensi moja: "Liweke kundini, nitalijibu pale." Usieleze zaidi, usiombe radhi. Mwenye shida ya kweli ataliweka. Atakayekuita mwenye maringo kwa hilo, mwache aite.

Najua kwa nini wanakuja pembeni. Wanaona haya kuuliza mbele ya watu, hasa kundi likiwa na wale wakali wanaomcheka anayeanza. Mficha uchi hazai, lakini na sisi tunaojibu tuna wajibu wa kufanya pawe mahali ambapo mtu anaweza kujifunua bila kudhalilishwa. Ukimwona mkongwe anamjibu mwanafunzi "hujui hata hili?", mwambie aache, mbele ya wote. Neno lako kama mtu anayesaidia kila jioni litasikika kuliko la admini.

Hilo la M-Pesa ni mfano mzuri, nitalijibu hapa. Unapotuma ombi la malipo kupitia Daraja, huduma ya Safaricom ya kuunganisha mifumo na M-Pesa, unatoa pia anuani ya kurudishiwa majibu. Wanaoanza huandika anuani ya localhost, kwa kuwa kwenye kompyuta zao mfumo unafunguka hivyo. Lakini localhost kwa kila kompyuta ni yenyewe. Seva ya Nairobi ikiambiwa ipeleke taarifa localhost, haina njia ya kufika kwenye meza ya mtu Eldoret. Inatakiwa anuani ya https inayofikika na yeyote kwenye intaneti. Wakati wa majaribio wengi hutumia ngrok, inayokupa anuani ya nje inayoelekeza kwenye kompyuta yako. Hapo nako kuna mtego: anuani ya muda ikibadilika baada ya kuzima na kuwasha, ile ya zamani iliyobaki kwenye msimbo imekufa, na majibu yanapotea. Wakague pia namba ya mteja ianze na 254, isiwe 07.

Andika hayo mara moja kwa maneno yako, uyaweke GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, au kwenye blogu, na kichwa chake kiwe swali kama wanavyoliuliza wao: "Kwa nini taarifa ya malipo ya M-Pesa haifiki kwenye mfumo wangu?" Anayekuja, mpe kiungo. WhatsApp ni nzuri kwa kusalimiana, ila kama ghala la majibu haifai. Aliyejiunga leo hayaoni ya mwaka jana, na Google haiingii humo. Nahuzunika sana nikifikiria maelezo mazuri ya Kiswahili yaliyozikwa ndani ya makundi ya namna hiyo. Watu wamekesha kuyaandika, na hayamfikii mtu wa pili.

Kazi ya chuo usimwandikie mtu. Muulize amefikia wapi. Akikuonyesha mistari kumi mibovu, kaa naye kwenye hiyo kumi mpaka asimame. Asiye na mstari hata mmoja, mpe hatua ya kwanza tu, umsubiri aje na matokeo yake. Na huyo mwenye mteja, mtajie bei yako. Yeye analipwa, kwa hiyo msaada wa bure haumhusu.

*Asalaam aleikum Mwalimu. Niliuliza swali, kabla sijajibiwa nikalitatua mwenyewe. Naona aibu, nilifute? — Zanzibar*

Waaleikum salaam. Usilifute. Andika chini yake ulichokigundua, hata kwa mstari mmoja: "Mlango wa 3306, ule MySQL huupitia, ulikuwa umeshikwa na MySQL nyingine niliyoisakinisha zamani, nimeizima, imekubali." Kinachoniumiza kuliko kufuta ni yule anayeandika "nimeshapata, asanteni" na kuondoka na dawa mfukoni.

*Mwalimu jambo. Niko Goma, nasoma kwa Kifaransa, nyumbani tunasema Kiswahili, Kiingereza changu ni kidogo. Niulize kwa lugha gani? — Goma*

Jambo sana, ndugu yangu. Ujumbe wa kompyuta usiutafsiri kamwe, hata neno moja. Uache ulivyo, maana huo ndio watu wanaoutafuta. Maelezo yako weka katika lugha ya watu wa pale ulipo. Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya programu iliyofunguliwa na Jeff Atwood na Joel Spolsky mwaka 2008, inatumia Kiingereza, na ina ndugu zake wa Kireno, Kihispania, Kirusi na Kijapani. Ya Kiswahili haipo, ya Kifaransa pia haipo. Kwa hiyo pale andika Kiingereza chako hichohicho kidogo, sentensi fupifupi, na uache msimbo na ujumbe viseme. Wenyeji wana ruhusa ya kukurekebishia sentensi, na hufanya hivyo.

Jiandae kwa jambo moja. Swali lako linaweza kufungwa kwa maelezo kwamba lilishaulizwa. Wengi hulichukua hilo kama tusi, wanaondoka na hasira, bila kubofya kiungo walichowekewa juu ya swali lao. Kibofye. Mara nyingi jibu liko huko, na limeshapimwa na watu wengi kuliko ambao wangekujibu wewe siku ile.

Halafu ukishalipata, lirudishe nyumbani. Majibu ya pale yako chini ya leseni ya Creative Commons inayoruhusu kutafsiri, ilimradi umtaje aliyeandika, uweke kiungo, na tafsiri yako nayo uitoe kwa leseni hiyohiyo. Mtu wa Goma anayejua Kifaransa na Kiswahili ana kazi kubwa ya kufanya hapa, na naomba uifanye.

*Mwalimu, niliweka msimbo wangu wote GitHub ili nisaidiwe. Mtu akaniambia funguo zangu za siri zinaonekana. Nimelifuta faili. Nimepona? — Kampala*

Bado. Git, chombo kilicho chini ya GitHub, hutunza historia, na faili ulilolifuta leo linasomeka kwenye hatua ya jana. Kabla hujamaliza kusoma gazeti hili, ingia kwenye huduma husika, zibatilishe funguo hizo, uchukue mpya. Mpya ziweke kwenye faili la .env, na jina la faili hilo uliandike ndani ya .gitignore, orodha ya mafaili ambayo Git huyaruka, kabla ya kupandisha chochote. Ndugu yetu wa Morogoro naye asikie: majina na magonjwa ya wagonjwa wa kweli yasiwekwe mbele ya watu kwa sababu yoyote. Tunga majina ya majaribio.

*Mwalimu, sasa ChatGPT ipo. Kuna haja gani ya kuwasumbua watu? Mimi hata maswali ya wenzangu kundini nachukua majibu humo nawabandikia. — Dodoma*

Kuiuliza wewe mwenyewe ni sawa. Uliza, jaribu, soma. Hiyo ya kuwabandikia wenzako ndiyo ninayokuomba uache leo. Desemba 2022, siku chache tu baada ya ChatGPT kutoka, Stack Overflow walipiga marufuku majibu yake, wakieleza kwamba yanaonekana mazuri ilhali mengi yana makosa, na kuyakagua kunawachosha wanaojitolea. Aliyeuliza kundini angeweza kuiuliza mashine mwenyewe. Amekuja kwenu kwa sababu anataka mtu aliyewahi kukwama pale. Kama jibu la mashine umeliendesha kwenye kompyuta yako na likakubali, liandike, useme limetoka wapi na umelijaribu kwenye toleo gani la PHP au Python. Kama hujaliendesha, nyamaza, umwachie anayejua.