Msumeno umenikata vidole, je, nimshtaki tajiri?

SWALI: Wakili, salamu. Nafanya kazi kwenye karakana ya mbao hapa Mombasa. Sina mkataba wa maandishi, nalipwa shilingi 6,000 kila Jumamosi kwa M-Pesa. Miezi minne iliyopita msumeno wa umeme ulinikata vidole viwili vya mkono wa kushoto. Tajiri alilipa hospitali siku ya kwanza, tangu hapo kimya. Rafiki yangu aliyeumia 2006 alimshtaki mwajiri wake mahakamani akalipwa, na ananiambia nisiwe na haraka kwa sababu nina miaka mitatu. Binamu yangu wa Tanga naye anasema niende kwenye Mfuko wa Fidia, eti unalipa asilimia 70. Nimsikilize nani?

JIBU: Pole sana, ndugu. Usimsikilize hata mmoja. Rafiki yako anakueleza sheria ya zamani, na binamu yako anakueleza sheria ya nchi nyingine. Wa kuogopa zaidi ni rafiki, maana ushauri wake unaweza kukupotezea haki yako yote.

Kenya ilipitisha Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini mwaka 2007, hii ambayo wengi wanaiita WIBA, ikaanza kutumika Juni 2008. Kifungu cha 16 kinamzuia mfanyakazi kumshtaki mwajiri mahakamani kudai fidia ya ajali ya kazini. Madai yanapelekwa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Chama cha Wanasheria kiliipinga sheria hiyo, na mwaka 2009 Mahakama Kuu ikafuta baadhi ya vifungu vyake, kwa hiyo watu wakaendelea kushtaki kama kawaida. Mahakama ya Rufaa iliugeuza uamuzi huo mwaka 2017, na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikaufunga mjadala: sheria ni halali. Kesi zilizokuwa zimeshafunguliwa kabla ya siku hiyo ziliwekewa utaratibu wake, na mwongozo wa Jaji Mkuu wa 2023 umeueleza. Yako haimo humo. Ukiifungua leo itatupwa nje hata kabla hakimu hajauliza msumeno ulikuwa na kinga au haukuwa nayo.

Miaka mitatu aliyoitaja rafiki ni muda wa kesi za uzembe. Chini ya WIBA una miezi 12 tangu siku ya ajali, nawe umeshatumia minne. Kuna afueni kama mwajiri alizijua habari za ajali kwa njia nyingine, na wako anazijua kwa kuwa alilipa hospitali, lakini usiiegemee. Itunze ile risiti ya hospitali kama una nakala yake.

Tajiri wako alipaswa kuripoti kwa Mkurugenzi ndani ya siku 7 tangu alipojua umeumia. Pengine hakuripoti. Nenda mwenyewe kwenye ofisi ya Usalama na Afya Kazini ya kaunti yako, ukiwa na kitambulisho, karatasi za matibabu, taarifa ya M-Pesa, na majina ya wenzako wawili waliokuwapo. Utapewa fomu yenye sehemu ya mwajiri na sehemu ya daktari. Mwajiri akikataa kujaza yake, usirudi nyumbani kusubiri moyo wake ulainike. Iambie ofisi, kwa maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Kukosa mkataba wa karatasi hakukuondolei haki, kwani mkataba wa mdomo nao ni mkataba, na malipo ya kila Jumamosi ni ushahidi mzuri. Hatua hii haihitaji wakili. Nasema hivyo ingawa ndiyo kazi yangu.

Sasa pesa. Zamani mfanyakazi alithibitisha uzembe, hakimu akapima maumivu na kutaja kiasi. Leo huhitaji kuthibitisha kosa la mwajiri, na hata kama ulizubaa kidogo hupunguziwi. Kinachoharibu ni utovu wa nidhamu wa makusudi, napo sheria inalegeza mtu akifa au akipata ulemavu mkubwa. Lakini fungu la maumivu nalo limekwenda. Limebaki hesabu: kipato cha mwezi, mara 96, mara asilimia ya ulemavu wa kudumu. Vita yako yote iko kwenye tarakimu mbili, kipato na asilimia, na hapo ndipo watu wanapoibiwa.

Anza na kipato. Mwajiri ataandika 6,000 mara wiki nne, yaani 24,000. Mwaka una wiki 52, si 48. Zidisha 6,000 kwa 52, gawa kwa 12, unapata 26,000. Tuseme asilimia yako ni 10: kwa hesabu ya mwajiri ni shilingi 230,400, kwa hesabu sahihi ni 249,600. Hiyo ni tofauti ya 19,200 kwa kosa la mstari mmoja. Kama ulikuwa na malipo ya ziada ya kila wiki, yaonyeshe pia.

Asilimia hutoka kwenye jedwali lililo ndani ya sheria, ambalo hutazama kidole gani na kimekatika kiasi gani. Daktari akiandika tu "amejeruhiwa vidole viwili", amekunyima. Aandike ni kidole cha shahada au cha kati, pingili ngapi zimeondoka, kiungo kilichobaki kinakunjika au kimekakamaa, mshiko wa mkono ukoje, na aambatishe picha ya eksrei. Pia usikubali ukadiriwe kidonda kikiwa bado kibichi. Ripoti ajali mapema, lakini asilimia isubiri jeraha litulie. Kampuni ya bima ikikutuma kwa daktari wa pili, nenda, ubebe ripoti ya kwanza. Ni jambo la kawaida, na mara nyingi huyo wa pili huja na asilimia ya chini.

Mbali na fidia hiyo, siku ulizokaa nyumbani unalipwa kipato chako kamili, mradi ziwe tatu au zaidi, na malipo hayo hayazidi miezi 12. Gharama za matibabu, dawa na usafiri wa hospitali ni za mwajiri, si za siku ya kwanza pekee. Kama hakukata bima, deni ni lake mwenyewe.

Binamu wa Tanga hakudanganya. Tanzania ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaochangiwa na waajiri tangu Julai 2015, na ndio unaolipa. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo: asilimia 70 ya mshahara wa mwezi, mara 84, mara asilimia ya ulemavu. Ukizidi hapo inakuwa pensheni ya kila mwezi. Kenya haina mfuko wa namna hiyo. Anayelipa ni mwajiri au bima yake.

Madai yakishawasilishwa kwao, mwajiri au bima ana siku 90 za kulipa. Fedha hupitia kwa Mkurugenzi, naye anatakiwa akufikishie ndani ya siku 30. Kabla ya hapo tajiri anaweza kukuita pembeni na elfu ishirini taslimu na karatasi ya kutia sahihi kwamba "tumemalizana". Usitie.

Usiporidhika na ukadiriaji, una siku 60 tangu uamuzi kupeleka pingamizi kwa Mkurugenzi huyohuyo, naye hujibu kwa maandishi ndani ya siku 14. Bado huridhiki, una siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Na mwajiri asipopinga wala kulipa, ni mahakama hiyohiyo unayoiomba iupokee uamuzi wa Mkurugenzi kama amri yake, ili mali ya mwajiri iweze kukamatwa. Hapo sasa tafuta wakili, na umpelekee uamuzi wenyewe pamoja na ile nakala yenye muhuri.