Aliniita Kabla Sijajua Kuitika

Mhariri, swali lenu la wiki iliyopita lilikuwa hili: je, Mungu alikwisha kuwachagua watakaookolewa kabla ya ulimwengu kuumbwa, au kila mtu huamua mwenyewe kwa hiari yake? Ninafundisha darasa la kipaimara katika usharika mmoja wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), na vijana huniuliza jambo hilo hilo kila tunapofika sehemu ya tatu ya Imani ya Mitume. Naomba nafasi niwajibu kwa urefu kidogo, maana ni jambo linalogusa watu waliolala vitandani mwao wakiogopa, si mabingwa wa theolojia peke yao.

Jibu langu ni hili. Anayeokolewa, ameokolewa kwa sababu Mungu alimtaka, tangu mwanzo hadi mwisho. Anayepotea, amepotea kwa sababu alikataa mwenyewe. Msomaji makini atapinga papo hapo: kama kukataa ni kwangu, basi na kukubali ni kwangu; na kama kukubali ni kazi ya Mungu, kukataa nako kumetoka kwake. Hoja hiyo ina nguvu, siidharau. Lakini Maandiko hayapimi pande hizo mbili kwa mizani moja. Someni Mathayo 25 polepole. Kwa walio mkono wa kuume Mfalme anasema waurithi ufalme waliowekewa tayari tangu kuumbwa ulimwengu. Kwa walio mkono wa kushoto anataja moto, lakini moto huo amewekewa "Ibilisi na malaika zake". Haukuwashwa kwa ajili ya mwanadamu yeyote. Paulo naye katika Warumi 9, sura inayotajwa kila mara kumtetea Mungu anayegawa watu mafungu mawili, anasema vyombo vya rehema Mungu alivitengeneza mwenyewe tangu zamani. Vile vya ghadhabu anasema tu kwamba vilikuwa tayari kwa uharibifu, na kwamba Mungu alichukuliana navyo kwa uvumilivu mwingi. Hasemi nani aliviweka hivyo. Tena mtu huyo huyo anaifungua sura hiyo kwa kuwalilia ndugu zake Wayahudi, na anaimalizia hoja yake kwenye sura ya 11 kwa kusema Mungu amewafunga wote pamoja katika kuasi ili awarehemu wote. Anayesoma sura ya 9 na kufunga kitabu hapo hajamsikiliza Paulo.

Wenye kutetea hiari hukimbilia Yoshua 24:15. Mstari huo umechorwa ukutani katika nyumba nyingi, na katika mikutano ya injili ndio hutumika kuwaita watu mbele: "chagueni hivi leo mtakayemtumikia". Sasa someni mstari wote. Yoshua anaanza kwa kusema, kama mkiona ni vibaya kumtumikia Bwana, ndipo mchague. Na anaowapa wachague ni miungu ya baba zao wa ng'ambo ya Mto, au miungu ya Waamori. Uchaguzi anaoufungua pale ni kati ya sanamu na sanamu. Rudini nyuma hadi mstari wa 2 na wa 3: baba zao waliabudu miungu mingine, na Mungu ndiye aliyemtwaa Ibrahimu kutoka huko. Nendeni mbele hadi mstari wa 19: watu wameshasema kwa shauku kwamba watamtumikia Bwana, na Yoshua anawajibu, "Hamwezi." Sijasikia mhubiri yeyote akiufikia mstari huo wakati wa mwito. Sura nzima inasema kwamba mwanadamu ana hiari ya kutosha kuchagua sanamu, na kwamba kumjia Mungu wa kweli kulianza kwa kutwaliwa.

Hiari ipo, sisemi haipo. Martin Luther, alipomjibu msomi Erasmus mwaka 1525 kuhusu utumwa wa utashi, alikubali kwamba katika mambo yaliyo chini yetu mtu ana uhuru: mali yake, shamba lake, nyumba yake. Alichokataa ni kwamba uhuru huo unafika kwa Mungu. Erasmus, aliyeandika mwaka mmoja kabla, alikuwa mtu mpole, mwenye nia njema, na hofu yake ilikuwa kwamba bila hiari amri za Mungu zinakuwa mzaha. Ni hofu ya kuheshimiwa. Lakini Luther alisema jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha mjadala wote: hata kama angeweza kupewa hiari hiyo, asingeitaka, kwa sababu asingejua kamwe kama amefanya vya kutosha. Dhamiri yake ingebaki ikiuliza kila siku.

Walutheri waliokuja baada yake waliandika msimamo wao katika Kanuni ya Mapatano ya mwaka 1577, ungamo lao la imani, kifungu cha 11. Walisema Mungu hujua mapema mema na mabaya yote, lakini uteule wake ni kwa wokovu tu, wala si chanzo cha mtu kupotea. Na walisema tusiutafute uteule huo kwa kuchungulia shauri la siri la Mungu, bali katika Kristo, kwa kulisikia Neno lake. Waefeso 1:4 inasema alituchagua "katika yeye". Nje ya Kristo hakuna orodha ya kusoma.

Miaka thelathini hivi baadaye Wareformed wa Uholanzi, yaani Wakalvini wanaofuata mafundisho ya John Calvin, waligombana juu ya jambo hili hadi nchi ikatikisika. Jacobus Arminius, mwalimu wa theolojia aliyefundisha kwamba mtu anaweza kuikubali au kuikataa neema ya Mungu, alifariki mwaka 1609. Mwaka 1610 wafuasi wake walitoa hoja tano, na Sinodi ya Dordrecht, mkutano mkuu wa kanisa hilo wa 1618 na 1619, ikazikataa. Wachungaji wapatao 200 waliondolewa kazini. Johan van Oldenbarnevelt, kiongozi mzee wa serikali aliyewalinda, alikatwa kichwa tarehe 13 Mei 1619 akiwa na miaka 71. Siasa ilikuwa na sehemu kubwa katika kifo hicho, na shtaka lenyewe lilikuwa uhaini. Hata hivyo naona uchungu kwamba fundisho kuhusu rehema ya bure lilisimama jirani na jukwaa la kukatia watu vichwa. Kwa haki niseme pia kwamba kanuni za Dordrecht zenyewe zina maneno ya huruma ambayo wengi wanaowalaumu Wakalvini hawajayasoma: ziliwaambia wazazi wacha Mungu wasitie shaka juu ya wokovu wa watoto wao waliofariki wakiwa wachanga. Watu wa Dordrecht walijua kwamba mtoto mchanga hawezi kuamua chochote, na walijua ni nani anayemshika.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa. Mama yangu mzazi aliimba kwaya tangu usichana, na sasa ugonjwa wa kusahau umemchukua. Jina langu halijui. Jina la Yesu siku nyingine analitamka, siku nyingine hapana. Mwaka jana mhubiri mmoja aliyekuja kumwombea aliniambia kwamba, kwa usalama wa roho yake, mama aongozwe sala ya toba, akiri kwa kinywa chake. Tulijaribu kumnyamazisha kwa adabu, lakini alimshika mkono na kumrudia sentensi ile ile, mama akamtazama tu. Mhubiri akaondoka amehuzunika. Naamini huzuni yake ilikuwa ya kweli, na ndiyo sababu nampinga kwa moyo wote. Fundisho lake lilimfikisha mahali ambapo hakuwa na neno lolote jema la kumwambia mgonjwa. Kama wokovu unashikiliwa na uamuzi wangu, ugonjwa ukiuchukua uamuzi huo unachukua na wokovu. Mtaniambia aliamua zamani, akiwa mzima, na hilo linatosha. Lakini basi tunauweka uzima wa milele juu ya kumbukumbu ambayo mwenyewe hana tena. Mimi nauweka juu ya Yohana 15:16: "Si ninyi mlionichagua mimi, bali ni mimi niliyewachagua ninyi." Aliyesema hivyo hasahau.

Katekisimo Ndogo ya Luther ya mwaka 1529 inatufundisha kukiri kwamba kwa akili na nguvu zetu hatuwezi kumwamini Yesu Kristo wala kumjia, ila Roho Mtakatifu ametuita kwa Injili. Vijana huikariri bila shida. Ugumu huja mmoja anaponifuata baada ya darasa na kuuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, je kama mimi sikuchaguliwa?" Simjibu kwa hoja za 1577. Namuuliza kama amebatizwa. Akisema ndiyo, tunafungua daftari la ubatizo la usharika na kusoma jina lake na tarehe. Namwambia Mungu alisema neno lake juu yako siku hii, hukuwa hata na meno. Unaweza kulikimbia neno hilo, na wapo waliolikimbia. Yesu aliulilia mji ambao watoto wake alitaka kuwakusanya na wao hawakutaka. Lakini hofu yako hii ya kuwa mbali naye haitoki kwa mtu aliyemkataa. Asiyebatizwa namwambia maji yapo na ahadi ni ile ile, kwa kuwa Mungu hutaka watu wote waokolewe, 1 Timotheo 2:4, na sina ruhusa ya kupunguza neno "wote".

Kwa nini basi huyu anaitika na yule anakataa, hali wote wamesikia mahubiri yale yale siku ile ile? Sina jibu, na Paulo naye alipofika hapo aliacha kueleza akaanza kumsifu Mungu ambaye njia zake hazitafutikani. Wakalvini huziba pengo hilo kwa amri ya Mungu, Waarminio huliziba kwa hiari ya mtu. Mimi naona ni heri likae wazi kuliko kuliziba kwa kitu kitakachomfanya Mungu mkatili au kunifanya mimi mwokozi wangu.

Limebaki pingamizi la wale wanaosema kwamba kama Mungu amechagua, kuhubiri ni kazi bure. Jibu lake liko Korintho. Paulo alipingwa na kutukanwa huko, na Bwana akamwambia usiku katika maono asiogope bali anene, "kwa maana mimi nina watu wengi katika mji huu." Wakati huo wengi wao walikuwa bado hawajaamini; wengine huenda hawajawahi kumsikia. Bwana tayari anawahesabu kuwa watu wake. Paulo hakusema, basi watakuja wenyewe. Matendo 18:11 inasema alikaa huko mwaka mmoja na miezi sita, akiwafundisha neno la Mungu.