Betri ya sola huuawa kwa njaa

*Shikamoo fundi. Betri yangu ya sola haikai na chaji. Nifanyeje? (Msomaji, Handeni)*

Marahaba. Swali hili huja kila wiki likiwa hivi hivi: hakuna ukubwa wa betri, hakuna wati za paneli, hakuna vifaa anavyowasha. Hata daktari hakupi dawa kabla hujamwambia panapouma. Nilimpigia msomaji huyu, akanitajia: betri ya ampea-saa 100, volti 12, paneli moja ya wati 50, televisheni ya wati 40 na taa nne za wati 5, vyote kwa muda wa saa tano kila usiku.

Sasa tupige hesabu. Usiku mmoja anakula wati-saa 300. Paneli yake, jua likiwaka vizuri kwa saa tano, inatoa 250, na zinazofika kwenye betri hazizidi 200 kwa sababu ya joto, vumbi na waya. Kila siku basi betri inamdai 100. Betri nzima ina wati-saa 1,200, kwa hiyo baada ya siku sita tu iko nusu, na baada ya hapo haishibi tena.

Betri ya risasi, yaani hii ya kawaida yenye bamba za madini ya risasi ndani ya asidi, ikikaa na njaa, bamba hizo (mafundi tunaziita sahani) huota chumvi nyeupe ya salfeti. Mwanzoni chumvi hiyo huyeyuka ukichaji. Ikikaa wiki kadhaa inakuwa ngumu na haitoki. Mwezi uliopita nilifungua vifuniko vya betri ya mteja mmoja mwenye banda la kinyozi. Haina hata mwaka. Nilichovya haidromita, kipimo cha uzito wa asidi, seli moja baada ya nyingine, boya likazama kwenye alama nyekundu kwa seli zote sita, na sahani zilikuwa nyeupe kama zimepakwa chokaa. Alikuwa ameshaambiwa kauziwa feki. Betri ilikuwa halali kabisa, ila haikuwahi kushiba tangu inunuliwe.

Msomaji wa Handeni, ongeza paneli ya pili kama hiyo, na usibadilishe betri mpaka uongeze. Ukinunua betri mpya juu ya paneli ile ile, utaniandikia tena mwakani. Nunua na mita ya kupimia volti, haina bei ya kutisha. Pima betri ikiwa imepumzika saa kadhaa, haichajiwi wala haitumiki: 12.7 imeshiba, 12.2 imefika nusu, chini ya 12 iko taabani. Nusu ndiyo mwisho wa kuitumia.

*Betri ya gari nikiifunga kwenye sola si ni ile ile? (Msomaji, Korogwe)*

Si ile ile. Ya gari ina sahani nyembamba, imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kupiga stata. Ukiimaliza kila usiku haitoboi.

*Maji yakipungua niongeze maji makali? (Msomaji, Muheza)*

Hapana, hapana, hapana. Kinachopotea ni maji, asidi inabaki humo humo. Ukiongeza maji makali unaunguza sahani. Weka maji ya betri yaliyosafishwa, si ya bomba wala ya kisima. Chaji kwanza hadi ishibe ndipo uongeze, maana kimiminika hupanda wakati wa kuchaji. Sahani zikiwa zimeachwa wazi tu ndipo utangulize maji kidogo, ya kuzifunika. Na vaa miwani. Jicho halina spea.

*Tunalala chumba kimoja na betri. Kuna ubaya? (Msomaji, Pangani)*

Upo. Ikichajiwa hutoa gesi ya hidrojeni, na cheche moja inatosha kuilipua. Itoe leo, iweke penye hewa na kivuli, na fyuzi iwe karibu na ncha ya chanya.

*Mnunuzi wa chakavu anataka nimwage asidi ya betri mbovu kwanza. Nimwage wapi? (Msomaji, Tanga mjini)*

Usimwage popote. Ile asidi imebeba risasi, na risasi ikiingia kwenye udongo inaishia kwenye damu ya watoto na kuharibu ubongo wao. Si mbali na sisi: Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilikaa ubavuni mwa nyumba za watu mpaka kilipofungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi hapo, mtoto wake mwenyewe alikutwa na sumu hiyo, ndipo akasimama kudai haki ya mtaa mzima. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Pesa hazimtoi mtoto risasi mwilini.

Kaa na betri yako ikiwa wima, na maji yake ndani, na uliza duka utakalonunua mpya kama linapokea ya zamani. Huyo anayetaka kavu, mwambie aende zake.