Maswali na Majibu: Vidole Kwanza, Cheti Baadaye

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa madaktari chipukizi wa Nyanza, Magharibi na Bonde la Ufa wanaotaka kusomea upasuaji wa mishipa ya damu. Nimechagua hizi.

Daktari, pokea salamu kutoka Kakamega. Namalizia intanshipu. Nataka kuingia moja kwa moja kwenye upasuaji wa mishipa kama wanavyofanya Marekani, bila kupoteza miaka kwenye upasuaji wa jumla. Nianzie wapi?

Swali hili nimelijibu mara tatu tangu mwaka uanze, na linarudi vilevile. Marekani ni kweli: ukimaliza chuo unaweza kuingia kwenye mafunzo ya miaka mitano ya mishipa, ingawa njia ya zamani, mitano ya upasuaji wa jumla kisha miwili ya mishipa, bado ipo. Uingereza waliitenga fani hii na upasuaji wa jumla mwaka 2012. Huku kwetu mlango ni upasuaji wa jumla: ama shahada ya uzamili katika chuo kikuu kama Nairobi au Moi, ama COSECSA, chuo cha madaktari wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, ambako unafunzwa ndani ya hospitali iliyoidhinishwa, miaka miwili ya uanachama na mitatu ya ubingwa. Mishipa huja baada ya hapo.

Na hilo neno "kupoteza" limeniudhi. Aliyechomwa kisu tumboni hafiki Kisumu na ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, iliyokatika peke yake. Anakuja na utumbo uliotoboka na kinyesi kimetapakaa, na saa nane za usiku hakuna mwenzako wa kushughulikia utumbo huku wewe ukishona mshipa. Papo hapo uamue: utaunga kwa mshipa bandia, au utatoa vena, mshipa unaorudisha damu, ya mguuni? Mshipa bandia ukiuweka kwenye uchafu utashika usaha, mshono utaachia, na mgonjwa atatoka damu wodini siku kadhaa baadaye. Uamuzi huo unajifunza katika miaka hiyo hiyo unayotaka kuiruka.

Nimehudhuria mafunzo ya siku tano na nimepewa cheti. Naweza kuandika "bingwa wa mishipa" kwenye kibao cha kliniki yangu? – Kisii

Hapana. Ubingwa husajiliwa na KMPDC, baraza la madaktari la Kenya, si na mwenye semina.

Daktari, niko hospitali ndogo Homa Bay. Nafasi ya kusoma sijapata bado. Nijifunze nini wakati nasubiri?

Asante, ndugu yangu. Hili ndilo swali ninalotamani wote wangeuliza.

Jifunze kutafuta mpigo wa damu mguuni kwa vidole vyako, kila mgonjwa, kila siku: kinenani, nyuma ya goti, nyuma ya fundo la ndani la kifundo, na juu ya wayo. Wa nyuma ya goti ni mgumu. Kunja goti kidogo, misuli ilegee, bonyeza kwa vidole vya mikono yote miwili, na usiwe na haraka. Kisha andika ulichokipata kwenye faili, pamoja na saa.

Nitakueleza kwa nini nasisitiza saa. Kijana wa bodaboda aligongwa, goti likateguka. Hospitali ya kwanza wakalirudisha vizuri, wakafunga plasta, wakaandika kwenye barua ya rufaa: "mguu uko sawa." Alitufikia kesho yake mchana. Nilipopasua plasta vidole vilikuwa baridi, ngozi ina mabaka ya zambarau, na nilipomwambia achezeshe kidole gumba hakikusogea. Ateri ya nyuma ya goti ilikuwa imechanika kwa ndani na damu kuganda humo. Misuli ikikosa damu kabisa, baada ya saa sita hivi nafasi ya kuuokoa mguu hupungua haraka. Tulimkata juu ya goti. Hakuna aliyehitaji mashine kuligundua hilo siku ya kwanza. Ilihitajika mtu aweke vidole viwili juu ya wayo kabla ya plasta na baada yake. Ni vivyo hivyo kwa mtoto aliyefungwa vijiti vya kubana na mganga wa mifupa: fungua kwanza, maswali baadaye.

Ukipata kidoppler cha mkononi, kifaa cha kusikiliza damu ikipita mshipani, pima presha ya kifundoni, igawanye kwa ya mkononi. Kifundo 90, mkono 150, ni 0.6. Chini ya 0.9, kuna mahali ateri imebanwa au kuziba. Lakini mwenye kisukari akikupa 1.4 au zaidi usimwambie yuko salama. Ukuta wa ateri umekakamaa, kifuko cha presha kinashindwa kuubana, na kidonda chake bado kinaweza kuwa cha kukosa damu.

Nina mishipa iliyovimba miguuni. Nitumie dawa gani? – Busia

Sitibu mtu kwa barua, nenda ukapimwe. Lakini mguu mmoja ukivimba na kuuma ghafla, nenda leo, huenda damu imeganda ndani.

Je, kushona mishipa ni kipaji? Mikono yangu inatetemeka. – Nakuru

Hapana, ni mazoezi. Mwaka 1894 rais wa Ufaransa, Sadi Carnot, alichomwa kisu mjini Lyon. Vena kubwa inayopeleka damu kwenye ini ilikatwa na hakuna aliyeweza kuishona. Alexis Carrel, aliyekuwa akisomea udaktari mjini humo, alikwenda kujifunza kushona kwa mwanamke mtarizi. Mwaka 1912 alipewa Nobel kwa kazi yake ya kushona mishipa. Basi nunua paja la kuku sokoni, tafuta ateri yake, uikate, uiunge. Kila wiki. Kule damu inakoelekea, sindano itoke ndani kwenda nje, ili utando wa ndani ubanwe ukutani. Ukiudunga kutoka nje unaweza kuusukuma ukaziba njia. Na egemeza mkono, kila mpasuaji huegemeza.

Wakubwa wananiachia fistula za wagonjwa wa figo tu. Nitajifunza lini kazi kubwa? – Eldoret

Hiyo ni kazi kubwa. Tangu madaktari Brescia na Cimino waieleze mwaka 1966, fistula hii, yaani kuunga ateri na vena ya mkononi, ndiko kunakompa mgonjwa njia nzuri ya kusafishwa damu, na wewe unapata mshono wa milimita chache ambao utajua siku hiyo hiyo kama umefaulu: weka kidole, unasikia mtetemo. Ukikosa mtetemo, fungua tena, usingoje kesho. Na mkaripie yeyote anayemtoboa mgonjwa wa figo sindano za dripu kwenye mkono asioutumia sana. Vena hizo ndizo utakazozihitaji.

Nikasomee nje, India au Afrika Kusini? – Bungoma

Uliza kwa maandishi kabla ya kulipa: nitashika kisu au nitatazama tu? Operesheni ngapi kwa jina langu? Afrika Kusini ni cheti cha ubingwa bobezi baada ya upasuaji wa jumla, hivyo tunarudi kule kule. Pia zungumza na kaunti yako kabla ya kuondoka kuhusu muuguzi wa theata na mtu wa picha za mionzi watakaofunzwa pamoja nawe. Ukirudi peke yako utakuwa unaandika rufaa za kwenda Nairobi.

Ninunue miwani ya kukuzia sasa? – Siaya

Ndiyo, inayokuza mara 2.5 inatosha. Upimwe umbali wa kazi ukiwa umesimama, mabega yamelegea, si ukiwa umeketi dukani.