Shikeni daftari kabla hamjashika ofisi

Nilimaliza diploma ya uhasibu mwaka wa 2021, mwaka ule ule Nakuru ilipopandishwa hadhi kuwa jiji. Nikajua kazi sasa zitafunguka. Miaka miwili ikapita nikizungusha bahasha ya kaki yenye vyeti mpaka ikachanika pembe. Wakala mmoja alinila shilingi 6,000, eti za kufungulia faili. Hili nalisema mapema kwa sababu liliniuma: mwajiri wa kweli hakudai pesa ndipo akuajiri. Ukiombwa hata mia mbili, ondoka.

Aliyeniokoa ni mjomba wangu, fundi wa kuchomelea chuma pale Kibuye, Kisumu. "Mpwa wangu, njoo unishikie hesabu," aliniambia. Nilienda shingo upande, nikiona nimeshuka.

Sikuwa nimeshuka. Takwimu za serikali zinaonyesha kwamba mwaka wa 2024 uchumi wa Kenya ulikua kwa asilimia 4.7, na kazi mpya zikawa kama 782,000. Katika hizo, zaidi ya 700,000 zilikuwa za jua kali, yaani sekta isiyo rasmi. Ni tisa katika kila kumi, nasi wenye vyeti tunakanyagana kwenye ile moja.

Uchumi niliousoma darasani nilikuja kuuona kwenye geti. Mwishoni mwa 2023, mama mmoja wa Nyalenda aliagiza geti, tukapatana bei, akatoa nusu. Mjomba akaichukua ile nusu akamalizia madirisha ya mteja mwingine. Tulipofika dukani Januari, dola ilikuwa imefika kama shilingi 160, na chuma, ambacho malighafi yake nyingi hutoka nje, kilikuwa kimepanda. Mjomba alisimama kaunta akihesabu noti mara mbili, akanitazama, hakusema kitu. Geti tulilitengeneza, ahadi ni deni, lakini faida yote iliishia kwenye mabomba na vijiti vya kuchomelea.

Tangu siku hiyo, kila bei tunayompa mteja inaandikwa pamoja na tarehe, na inadumu siku saba tu. Malipo ya kwanza yakiingia, chuma kinanunuliwa siku hiyo hiyo. Pesa ya mteja mmoja haigusi kazi ya mwingine. Hapo ndipo diploma yangu ilipoanza kunilisha.

Kwa hivyo ndugu yangu uliye nyumbani na vyeti, endelea kutuma maombi, sikukatazi. Lakini mafundi wengi wenye mikono ya dhahabu hawajui mwezi uliopita walipata faida au hasara, na wewe unajua kuitafuta. Usiende Jumapili, soko la Kibuye hufurika na hakuna atakayekusikiliza. Nenda Jumanne asubuhi, wakiwa bado wanapanga vyuma. Beba daftari jipya na kalamu, msalimie mzee wa karakana, umwombe akuonyeshe risiti zake za wiki moja.